Hicho kikombe hakijaungua kwa bahati mbaya

Swali lilikua refu, nalifupisha. Msomaji wetu wa Tanga ana mdogo wake alikua anasoma Japani, karudi mwezi uliopita na zawadi, kikombe ndani ya kisanduku cha mbao, kimeviringishwa kitambaa cha njano. Kikombe hakina mkono, rangi yake kahawia kama ya chungu, haking'ai, upande mmoja kina vichenga vya njano kama mchanga umegandia, kimepinda kidogo, ndani chini kuna duara la rangi ya chungwa, na kitakoni kuna alama ya kuchanja. Mama watoto, yaani shemeji yangu, kakigeuza geuza kasema hiki kimeungua, mdogo wako kapigwa. Mdogo mtu anaapa dukani ni yen elfu 15. Afu jirani akaongezea lake kwamba hivyo ni vikombe vya pombe, basi shemeji ndo hataki hata kukiona kabatini. Kwaiyo maswali ni manne: kizima au kibovu, kwanini bei ile, ni cha pombe kweli, na je mtu anaweza kunywea chai ya maziwa humo.

Nianze na la jirani maana ndo linaloleta kelele ndani ya nyumba. Picha ya kifuniko uliyonitumia ina maandishi ya wino mweusi, na yanasema Bizen, yunomi, afu pembeni jina la fundi na muhuri mwekundu. Yu ni maji ya moto, nomi ni kunywea. Kikombe cha chai, basi. Kile cha pombe yao ya mchele kinaitwa guinomi na ni kifupi, mafunda mawili matatu kimeisha, wakati wewe umesema chako kinaingia karibu robo lita. Shemeji akae kwa amani, jirani naye akapumzike.

Sasa hilo la kuungua. Shemeji hajakosea sana, kimeungua kweli, ila kimeunguzwa kwa makusudi, usiku na mchana, siku kumi hivi bila moto kuzimwa, na mtu aliyekaa pale na kuni akihesabu kila gogo. Hayo mabaka anayoyaona kama uchafu ndo kazi yenyewe, hiyo ndo nakshi, hamna nyingine.

Bizen ni jina la jimbo la zamani, siku hizi eneo lake liko ndani ya mkoa wa Okayama, magharibi ya Japani, na wafinyanzi wenyewe wamejazana sehemu moja inaitwa Imbe. Ukishuka stesheni pale unaona mabomba ya moshi ya matofali yanachungulia juu ya mapaa ya nyumba, kila ukoo na tanuri lake. Wamekua wakifinyanga hapo kiasi cha miaka 900. Wajapani wana sehemu sita wanazozihesabu kama majoko yao ya kale ambayo moto wake haujawahi kuzimika, yaani Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na hiyo Bizen, na mwaka 2017 zikaingizwa zote sita pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Japani. Wengine humo walijifunza kupaka glezi, ile ngozi ya kioo inayong'aa kwenye sahani na vikombe vyetu vya kila siku. Bizen ndo wabishi. Udongo mtupu na moto, basi, mpaka leo.

Na ubishi wenyewe una sababu, sio maringo. Udongo wao mzuri unaitwa hiyose, unatoka chini ya mashamba ya mpunga, mita mbili tatu hivi kwenda chini, wanauchimba kipindi cha baridi mpunga ukishavunwa, afu shamba linafukiwa linarudishwa kwa mkulima alime tena. Ni mweusi mweusi, laini, unanata kama ugali wa muhogo, una chuma kingi, na una tabia mbili mbaya. Ya kwanza unanywea sana ukikauka na kuchomwa, kwaiyo glezi haiushiki vizuri, inabanduka. Ya pili haupendi haraka, ukiuwahisha kwenye moto mkali unapasuka au unavimba malengelenge kama andazi. Dawa ni moja tu, kwenda polepole mno, na ndo maana zile siku kumi, wengine wanaenda hadi kumi na nne.

Mi nilikaa huko miezi minne, zamani kidogo, msaidizi wa mfinyanzi mmoja mzee, kazi yangu kubwa ikiwa kupasua kuni na kufagia. Tanuri la huko sio kama tunavochoma sie, vyungu vinalundikwa chini, kuni na nyasi juu, saa chache umemaliza. Lao ni handaki la matofali na udongo limelazwa kwenye mteremko, mdomo chini bomba juu, unawasha chini na moto wenyewe unapanda kutafuta pa kutokea. La kizamani ni chumba kimoja kirefu, anagama, teknolojia iliyokuja kutoka Korea karne ya 5, la baadaye lina vyumba vinavyopandana kama ngazi, hilo noborigama. Kupanga vyombo tu tulichukua siku tano, unaingia kwa magoti, taa kichwani, unapokezwa kimoja kimoja na kila kimoja unakikalisha juu ya vidonge vya udongo mgumu ili kisigandie kibao. Mzee alikua anakaa muda mrefu ameshika kikombe kimoja anaangalia ndani ya lile giza, akikisogeza vidole viwili huku, kimoja kule. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Kumbe hapo ndo alikua anachora, kwenye gurudumu alikua anatengeneza umbo tu.

Wakaweka chumvi kidogo na sake, ile pombe yao ya mchele, mbele ya mdomo wa tanuri, wakapiga makofi mawili, likawashwa. Siku ya kwanza moto mdogo mpaka unaona aibu, wa kuchemshia maharage, kazi yake kufukuza unyevu. Siku ya pili hivohivo. Unapandisha kidogo kidogo mpaka wiki ya pili uko digrii 1,200 na kitu. Kuni ni msonobari mwekundu, akamatsu, kwasababu una utomvu mwingi na muali wake ni mrefu, unafika mbali ndani ya tanuri badala ya kuishia mdomoni. Zamu yangu ilikua saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Unafungua kijimlango kwa ndoana, joto linakupiga mpaka unasikia harufu ya nyusi zako mwenyewe, unatupa vipande vitatu vinne, unafunga. Juu bomba linatema moshi mweusi, chini tanuri linanguruma kama lori linapanda mlima Sekenke, afu moshi unakua wa kijivu, afu unakatika kabisa, ule muali unaochungulia kwenye matundu unafupika. Hapo ndo unatupa tena. Ukiwahi makaa yanajaa, hewa haipiti, joto linashuka. Ukichelewa linashuka vilevile. Usiku wa nne nikajifanya mchapakazi nikalishindilia kuni, kipimo kikateremka digrii 30 na kulirudisha ikatuchukua mpaka jua limetoka, mzee hata hakunigombeza, alikaa pembeni anamenya chenza, hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kikubwa kuelewa ni kwamba ile hewa inayovutwa kupanda bomba inabeba jivu. Jivu la msonobari linaruka ndani ya tanuri kama vumbi la barabara ya mavumbi lori likipita, na linatua juu ya kila kitu kinachokaa njiani. Ndani ya jivu kuna kalisiamu na potasiamu, na kwenye joto lile zikikutana na silika ya udongo zinayeyuka pamoja zinakua kioo. Yaani tanuri linapaka glezi lenyewe, pale linapotaka. Binadamu anachoweza ni kuamua chombo kikae wapi.

Haya, kishike sasa nikuoneshe.

Ule upande wenye vichenga vya njano, huo ndo ulikua unatazama moto. Wajapani wanaita goma, na goma kwao ni ufuta, hebu angalia tena uone kama sio ufuta uliomwagikia mkate. Pale palipo na punje punje, jivu lilifika likayeyuka nusu. Kama kuna sehemu punje zimeungana zikateremka kama tone la asali, hapo joto lilikua kubwa zaidi au jivu lilikua jingi, hiyo wanaiita tamadare na watu wanaipenda sana. Zungusha taratibu, utaona vichenga vinapungua, vinakua haba, halafu mgongoni hamna, pamebaki kahawia nyekundu laini. Huo ni mgongo wa kikombe, kivuli chake. Chako kilikua karibu na moto lakini sio mstari wa mbele kabisa, vya mbele kabisa vingekua vimefunikwa hadi havitambuliki.

Duara la chungwa ndani: humo ndani kilikalishwa chombo kingine kidogo, labda hata kidonge cha udongo, jivu likakosa pa kutua na moto ukapita kwa upole. Jina lake botamochi, ni aina ya andazi lao la mchele, la mviringo. Ndo hivo, ufuta na andazi, hawa watu majina yao yote yametoka jikoni.

Zile alama hafifu za mduara chini ya kitako ni pale palipokaa vile vidonge. Na ile alama ya kuchanja uliyosema kama herufi haijulikani, sio herufi. Zamani Imbe walikua na matanuri makubwa ya ushirika, moja ambalo magofu yake yapo mpaka leo lina urefu wa kama mita 54 na upana wa mita 5 hivi, koo nyingi zikichoma humo kwa pamoja na moto ukiwaka zaidi ya mwezi. Ukitoa vyombo maelfu utajuaje cha nani? Kila ukoo ukawa na chapa yake ya kuchanja, kama wafugaji wanavotia alama ng'ombe. Leo kila mtu ana tanuri lake na hamna wa kugombana naye, lakini chapa imebaki, ndo saini. Ilinganishe na ule muhuri mwekundu wa kwenye kisanduku, fundi ni huyohuyo.

Kupinda? Udongo ukifika joto lile unalegea kidogo na moto unausukuma. Kama kikombe kinakaa mezani hakichezi na hakivuji, kupinda sio kosa. Kikicheza ndo kosa, lile tulikua tunalitupa.

Kuna sura nyingine hutaziona kwenye chako lakini shemeji akiingia mtandaoni atakutana nazo. Moja ni hidasuki, mistari myekundu ya moto kwenye udongo mweupe mweupe kama imepigwa kwa kamba. Ilianza kama ujanja wa kufungashia, walikua wanaingiza vyombo vidogo ndani ya vikubwa na kuviringisha nyasi za mpunga katikati visigandane, baada ya moto wakakuta kila palipopita nyasi pamebaki mstari mwekundu, kwasababu potasiamu ya kwenye nyasi inashikana na chuma cha kwenye udongo. Nyingine ni sangiri, kijivu na buluu iliyochanganyika na nyeusi, inatoka kwenye vyombo vilivyofukiwa na makaa, pale hewa haikufika. Chuma kikipata hewa kinakua chekundu, kikinyimwa kinakua kijivu au cheusi. Hii ya kunyima hewa hata sie tunaijua, yule Mkenya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi anayefanyia kazi Uingereza, vyungu vyake vya chungwa na vyeusi siri ni hiyohiyo, glezi hamna, ni hewa tu.

Utauliza, nani sasa alikaa akaamua kwamba hiki ni kizuri. Mwanzoni hamna aliyesema kizuri. Bizen walikua wanatengeneza vitu vya kazi, mitungi, vinu vya kusagia vyenye michirizi ndani, vyombo vya kuhifadhia mbegu na maji, mitungi mingine mikubwa ya lita mia tatu na zaidi, ikisafirishwa kwa majahazi kwenye ile bahari yao ya ndani. Sifa yao ilikua uimara, kulikua na msemo kabisa kwamba kinu cha Bizen ukikirusha hakivunjiki. Matajiri walikua wanakunywa chai kwenye vyombo vya China. Karne ya 15 na 16 ndo wakatokea wale walimu wa chai, mabingwa wa ile sherehe yao ya kuandalia wageni chai, wakachoka na mng'aro wa China, wakaanza kuingiza kwenye vyumba vyao vya chai mitungi ya wakulima wa Bizen na Shigaraki, wa kwanza kutajwa sana ni Murata Juko, na baadaye Sen no Rikyu, aliyefariki 1591, akaisukuma mpaka ikawa ndo utaratibu. Na kuna barua maarufu ya Juko kwa mwanafunzi wake inayonichekesha kila nikiikumbuka, analalamika kwamba siku hizi watu wageni kabisa kwenye fani wanakimbilia kununua vyombo vya Bizen na Shigaraki ili waonekane wamekomaa. Hiyo ni miaka mia tano na zaidi iliyopita. Washamba wa kujifanya wajuzi ni wa kale kuliko tunavodhani.

Mambo hayakudumu. Karne ya 17 Arita, kule Kyushu, wakaanza kutengeneza kauri nyeupe ya maua ya buluu, watu wakahamia huko, na Bizen ikashuka taratibu, wakatengeneza masanamu ya mapambo, na ilipofika mwisho wa karne ya 19 wafinyanzi wa Imbe walikua wanafyatua matofali na mabomba ya maji machafu ili wale. Wakati wa vita vya pili vya dunia wakafanyishwa hata mabomu ya mkono ya udongo maana chuma kilikua kimeisha. Aliyeirudisha ni Kaneshige Toyo, aliyezaliwa 1896 kwenye ukoo wa wafinyanzi, alianza na hayohayo masanamu, afu akageuka akachukua vyombo vya karne ya 16 akavichunguza udongo na moto wake mpaka akajua walivyokua wanafanya. Mwaka 1956 serikali ikamtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa, na baada yake wametangazwa wengine wanne wa Bizen hiyohiyo. Kikombe chako ni mjukuu wa ule ukaidi wa Toyo, bila yeye mdogo wako angekuletea bomba.

Bei sasa. Yen elfu 15 kwa yunomi ya fundi mwenye jina la wastani sio kupigwa. Fundi mchanga anauza kwa elfu chache, mkubwa anaenda laki na kupanda, chako kiko katikati. Hebu piga hesabu mwenyewe. Wengi wanachoma mara moja au mbili kwa mwaka. Kila mchomo unakula tani kadhaa za kuni, na ule msonobari mwekundu umekua adimu, kuna mnyoo mdogo sana uliotoka Amerika Kaskazini umekua ukiua misonobari ya Japani tangu mwanzo wa karne ya 20, milima mizima imekauka. Hiyose nayo, mashamba yanajengwa nyumba, kila mwaka pa kuchimba panapungua, kuna wafinyanzi wanatumia udongo aliouchimba babu. Afu tanuri likishazimwa unalifunga, unasubiri wiki nzima au zaidi lipoe, ukifungua haraka vinapasuka. Na ukifungua sasa ndo utajua kama mwaka wako umeenda au umebaki.

Siku tunafungua lile letu mi ndo nilitumwa ndani kwanza, bado kuna joto la bafu. Kwenye kibao changu, kile nilichopewa nipange mwenyewe ili nijifunze, nilikua nimevikalisha vikombe viwili karibu mno, jivu likayeyuka katikati yao likavigandisha vikawa mapacha. Mzee akacheka mara ya kwanza tangu nimfahamu, akachukua kinyundo akagonga mara moja, kimoja kikafa palepale, cha pili kikabaki na kovu kubwa la kioo la kijani ubavuni, ukipitisha kidole lazima uwe makini. Nje ya banda kuna lundo la vigae kimo cha mtu, cha kwangu kikaenda kujiunga. Chenye kovu akanipa. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga hawakukosea, ndo ninachonywea mpaka leo na hamna atakayekinunua.

Kuhusu feki nitapita haraka. Bizen za tanuri la umeme au gesi zipo na sio haramu, hidasuki nzuri tu inatoka kwenye umeme, mradi muuzaji aseme. Tatizo ni wanaomwagia jivu kwa pampu ili ionekane imekaa wiki mbili kwenye kuni. Kipimo changu ni kuuliza kikombe kina uso na mgongo au hakina. Moto wa kuni unatoka upande mmoja, jivu lazima liwe na mwelekeo, lizidi huku lipungue kule, liache kivuli. Kikiwa na ufuta sawasawa pande zote kama mkate wa bekari, nakitilia mashaka. Chako kina uso na mgongo, kina alama za vidonge, kina chapa, kina kisanduku kilichoandikwa na fundi mwenyewe. Kwa picha nilizoona mi naridhika.

Hicho kisanduku usikitupe wala usiwape watoto waweke kalamu. Ni mbao ya mti unaitwa kiri, mwepesi kama boksi, hewa ya unyevu ikija unavimba kidogo unajifunga. Kwa wanunuzi wa huko kikombe kikipoteza kisanduku chake kinapoteza sehemu kubwa ya bei, maana mwandiko wa kwenye kifuniko ndo cheti. Na kile kitambaa cha njano, ndugu yangu, ni manjano. Manjano yetu haya ya pilau, au ya mchuzi wa samaki. Kijadi walikua wanapaka rangi kitambaa kwa manjano kwasababu wadudu hawaipendi, siku hizi vingi ni rangi ya kiwandani lakini njano imebaki ileile. Hapo hata jirani hawezi kukuambia ni kitu cha kigeni.

Matumizi. Mtungi wetu umechomwa moto mdogo, una vitundu vingi, unatoa jasho na ndo maana maji yanapoa. Bizen imechomwa hadi imebana kama jiwe, haitoi jasho, chai haivuji. Ila kwa kua haina glezi uso wake ni wa kukwaruza kwaruza, unashika mafuta na harufu. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi unaweza, hakitavunjika wala hakitakudhuru, lakini mafuta ya maziwa yakilala humo usiku mmoja utaanza kusikia harufu ambayo sabuni haitoi. Ushauri wangu kitengee chai ya rangi au kahawa chungu. Kahawa chungu hasa, maana kikombe hakina mkono na unene ule unakuwezesha kukishika kikiwa cha moto, na kwa kashata pembeni sidhani kama hata fundi mwenyewe amewahi kukifaidi hivo.

Microwave hapana, kukiweka chenyewe juu ya moto wa jiko hapana, mashine ya kuoshea vyombo hapana. Osha kwa maji ya moto na sponji laini, sabuni kidogo ikibidi, usitumie steelwire. Kama kitako kinakwaruza meza, kisugue kidogo na msasa laini, hata wao wanafanya hivo. La muhimu kwa mji kama Tanga ni kukausha. Unyevu wa baharini na kisanduku kilichofungwa ni ukungu ndani ya wiki mbili. Kiache juu ya meza kimegeuzwa kwenye kitambaa siku moja nzima ndo ukirudishe, au usikirudishe kabisa, kiache nje kila siku kitumike. Kikishika ukungu kichemshe kwenye sufuria ya maji, moto mdogo, kipoe humohumo. Kila unavokitumia ule ukavu wa mwanzo unaondoka, baada ya miezi kinaanza kua na mng'ao fulani wa ndani, kama mpini wa jembe ulioshikwa sana, ambao dukani haununuliwi.

Na kabla ya kukitumia mara ya kwanza kiloweke. Usiku huu kiweke kwenye bakuli la maji ya kawaida, utakiona rangi inakolea hasa ule upande wa mgongo, asubuhi kitoe, kifute, mimina kahawa ya moto, na mpe shemeji wa kwanza.